Kufufua Gari la Zamani: Tusitoe Fedha Kabla ya Kujua Haya



Katika vijiji vyetu yako magari ya zamani yaliyolala. Moja liko chini ya mwembe, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Jingine liko nyuma ya ghala, majani yamelifunika mpaka kwenye vioo. Mengi ya hayo ni Land Rover. Yalikuja na mabwana shamba, waganga, mapadri na watu wa wanyamapori. Yalipochoka yaliuzwa mnadani, wananchi wakayanunua. Sasa yamekaa.

Watu hupita wakisema, "Hicho ni chuma chakavu." Lakini siku hizi madalali nao wanapita, wanauliza mwenye gari ni nani. Dalali hatoi nauli yake kufuata kitu kisicho na faida.

Mwaka jana alikuja ofisini kwetu bibi mmoja. Alijifunza kusoma na kuandika katika kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970, na mpaka leo husoma kwa kuweka kidole chini ya mstari. Marehemu mumewe alimwachia Land Rover. Ilikuwa imekaa miaka 11 bila kuwashwa. Dalali alitaja bei ya mbuzi sita. Fundi mmoja wa mjini akamwambia atoe fedha yote kwa mkupuo, na baada ya wiki tatu aje alichukue gari likiwa jipya.

"Mwalimu," alituambia, "hela ya korosho ninayo. Nimpe au nisimpe?"

Tukamjibu, "Bibi, usitoe hata senti kwanza. Twende tukalitazame gari."

Katika makala haya tutaeleza yale tuliyojifunza pamoja na bibi huyo, kwa kuwauliza mafundi, kwa kusoma na kwa kutazama kazi ikifanyika. Jambo kubwa ni hili: hakuna fundi awezaye kujua bei kamili ya kufufua gari la zamani kabla ya kulifungua. Kwa hiyo kazi igawanywe katika hatua, na kila hatua iandikwe.

GARI LENYEWE NI LA NAMNA GANI

Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, Uholanzi. Ilitengenezwa Uingereza, nchi ambayo ilikuwa imetoka vitani miaka mitatu tu nyuma. Bati la chuma lilikuwa haba, lakini alumini ilipatikana. Basi bodi ikatengenezwa kwa alumini, na chini yake ikawekwa chasisi ya chuma. Chasisi ni mifupa ya gari. Injini, magurudumu na bodi vyote vimefungwa juu yake.

Gari la bibi ni la mfano wa tatu, uliotengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Ni lile refu linaloitwa 109. Wengi husema 109 bila kujua maana yake. Ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo ni karibu sentimita 277. Lile fupi ni 88, yaani karibu sentimita 224.

Magari haya sasa yana wapenzi wake duniani. Mwaka 2016 kampuni ya Land Rover yenyewe ilianza kuuza magari ya mfano wa kwanza ambayo imeyafufua katika karakana yake huko Uingereza. Hapa Afrika Mashariki, tangu mwaka 2003 hufanyika mashindano ya magari ya zamani yanayoitwa Safari Classic. Watu hao hutafuta gari, hutafuta spea, na wako tayari kulipa. Ndiyo maana dalali anauliza habari za gari lililo chini ya mwembe.

KWANZA, TUJUE TUNATAKA NINI

Tukisema "kutengeneza gari," fundi anaweza kusikia jambo moja na sisi tukawa tunafikiri jingine. Kuna kazi za aina tatu.

1. Kulitengeneza litembee. Fundi anashughulikia breki, injini, usukani, taa na matairi. Bodi yenye mabonde inabaki na mabonde yake. Kazi hii ina gharama ndogo kuliko ile ya pili.

2. Kulifufua lote. Gari linafunguliwa mpaka chasisi inabaki peke yake. Kila kitu kinasafishwa, kinapimwa, kinatengenezwa au kinabadilishwa, kisha gari linaunganishwa upya. Kazi hii ni ghali sana na ni ndefu.

3. Kulihifadhi. Hapa tunazuia lisiharibike zaidi. Tunaliweka chini ya paa, tunaondoa udongo, tunapaka mafuta, na hatutupi kitu chochote cha asili.

Hakuna kazi moja iliyo bora kwa kila mtu. Anayetaka kubeba mazao hahitaji rangi inayong'aa kama kioo. Anayetaka kuwauzia wapenzi wa magari ya zamani anahitaji injini ile ile, viti vile vile na kibati kile kile cha namba. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, linaloitwa FIVA, huhesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, na likiwa limetunzwa katika hali yake ya asili. Ukitoa injini ya asili ukaweka ya gari jingine, pengine litatembea vizuri, lakini kwa wanunuzi hao thamani yake itapungua.

Bibi alipoulizwa alijibu mara moja: "Mimi nataka libebe korosho kwenda ghalani. Na nilisikie linalia kama alipokuwa akilipiga stati marehemu." Basi tukajua ni kazi ya kwanza, ila na mambo machache ya kazi ya pili.

KUTU HUJIFICHA

Tulipofika kwa bibi, bodi ya gari ilionekana nzima. Vijana waliokuwapo wakasema, "Hili halina kazi, ni kupiga rangi tu." Fundi mzee tuliyekwenda naye hakusema neno. Akalala chini na nyundo ndogo, akaanza kugonga chasisi. Ting, ting, ting. Kisha ikaja sauti nzito, kama mtu anayegonga boga. Akagonga tena kwa nguvu kidogo, nyundo ikaingia ndani.

Basi tujifunze hapo. Alumini haipati kutu nyekundu, kwa hiyo bodi ya Land Rover huonekana nzima miaka mingi. Lakini chasisi ni ya chuma, na imeundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na tope huingia ndani ya sanduku hilo na kukaa. Kutu huanza ndani na kutoka nje. Siku tunapoiona nje, ndani imekwisha kula sana. Magari yaliyokaa karibu na bahari huharibika upesi zaidi kwa sababu ya chumvi.

Sehemu za kukagua ni hizi:

- mhimili wa nyuma wa chasisi, mahali pa kufungia tela;
- mikono ya pembeni inayoshika bodi;
- mahali springi zinapofungwa;
- ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva;
- chini ya milango na kwenye fremu zake.

Tena, mahali alumini inapogusana na chuma, na maji yakaingia katikati, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Tukiona unga huo kwenye bolti, tujue ugonjwa umeingia.

Tahadhari na gari lililopakwa lami au rangi nzito chini muda mfupi kabla ya kuuzwa. Pengine mwenyewe analitunza. Pengine anaficha matundu.

BEI YA KWANZA NI KISIO

Fundi wa wiki tatu hakuwa amelala chini ya gari. Alitazama boneti, akataja bei. Hatusemi kwamba ni mwizi. Pengine alikisia tu. Lakini fedha iliyotolewa yote kwa kisio ni vigumu kuirudisha.

Fundi mzuri husema, "Nitakwambia bei ya kukagua na kufungua. Nikishafungua, nitakwambia ya chasisi. Ya injini tutaijua baada ya kupima." Jibu hilo linaudhi kidogo, maana sote tunapenda kusikia bei moja. Lakini ndilo jibu la kweli.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme fundi anakisia hatua ya kwanza kuwa Sh. 2,400,000. Sisi tunashauri kutenga robo zaidi kwa mambo yasiyoonekana.

2,400,000 ÷ 4 = 600,000
2,400,000 + 600,000 = 3,000,000

Kama hatuna Sh. 3,000,000, tusianze hatua hiyo. Gari zima lililolala lina nafuu kuliko gari lililofunguliwa halafu fedha ikaisha. Gari lililofunguliwa hupoteza vitu. Leo taa, kesho kioo, keshokutwa bolti za magurudumu. Mwishowe hata dalali halitaki.

Malipo nayo yagawanywe. Katika mfano wetu, Sh. 2,400,000 zigawanywe kwa tatu, kila fungu Sh. 800,000. Fungu la kwanza litolewe kazi inapoanza, ili fundi anunue vifaa. La pili litolewe nusu ya kazi ikishafanyika na sisi tumeiona kwa macho. La tatu litolewe siku ya kupokea.

KARATASI KABLA YA SPANA

Hapa ndipo kisomo chetu kinapotufaa. Makubaliano ya mdomo husahaulika, na kila mtu hukumbuka yanayompendeza. Tuandike karatasi mbili zinazofanana. Fundi abaki na moja, sisi tubaki na moja. Ziwe na mambo haya:

1. Jina la mwenye gari, jina la fundi, na tarehe.
2. Namba ya gari, namba ya chasisi na namba ya injini. Tuzisome kwenye chuma chenyewe, kisha tuzilinganishe na kadi ya gari.
3. Orodha ya vitu vyote vilivyomo: tairi ngapi, betri, jeki, vioo, taa, viti, spea ya akiba.
4. Kazi itakayofanywa katika hatua hii, na kazi isiyohusika.
5. Bei ya ufundi, na nani atanunua spea.
6. Siku ya kuanza na siku ya kumaliza.
7. Neno hili: "Kazi yoyote ya nyongeza isifanywe kabla ya mwenye gari kukubali kwa maandishi."
8. Neno hili pia: "Spea zote zilizotolewa zirudishwe kwa mwenye gari."

La nane lina maana. Spea ya zamani ni mali yetu. Tena ndiyo ushahidi kwamba kweli imebadilishwa.

Bibi alikwenda mbele zaidi. Alinunua daftari la shule. Akachora mistari: tarehe, kazi, spea, fedha, sahihi. Kila alipokwenda gereji alilitoa kwenye mkoba wake wa ukindu. Mafundi wadogo walimcheka, "Bibi anaandika kitabu." Hakuwajibu. Akaendelea kuandika.

GARI LIKIFUNGULIWA TUSISHTUKE

Siku ya kwanza ya kuona gari lako limefunguliwa, moyo hushtuka. Injini iko sakafuni. Milango imeegemezwa ukutani. Bolti ziko kwenye makopo. Mtu anaweza kusema, "Wameniua." Hapana, ndivyo kazi ilivyo. Lakini tutazame kama kuna utaratibu. Je, makopo yameandikwa? Bolti za mlango zimetengwa na za injini? Picha zimepigwa kabla ya kufungua? Siku hizi simu nyingi zina kamera, hata sisi wenyewe tunaweza kupiga. Gereji isiyo na utaratibu siku ya kufungua itapata taabu siku ya kufunga.

Chasisi. Chuma kilichooza hukatwa, kikawekwa kingine kizima, kikachomelewa. Kubandika kiraka juu ya kutu ni bure, maana kutu huendelea kula chini ya kiraka. Kabla ya kuchomelea, betri itenguliwe na tangi la mafuta litolewe. Tangi tupu nalo ni hatari. Mvuke wa petroli uliobaki ndani unaweza kulipuka. Chasisi ikiwa imeoza sana haifai kuibandikabandika. Uingereza wako watengenezaji wa chasisi mpya zilizochovywa katika zinki ili zisipate kutu, ila kuileta huku ni fedha nyingi. Hapo tufikiri tena kama tuendelee.

Injini. Injini iliyokaa miaka mingi huweza kugandamana. Tusikubali gari livutwe na trekta ili injini izunguke kwa nguvu. Tunaweza kuvunja pistoni au ringi. Mafundi hutoa plagi, hutia mafuta kidogo kwenye silinda, husubiri siku kadhaa, kisha huizungusha taratibu kwa mkono. Ikizunguka hupima mgandamizo wa kila silinda. Silinda zikiwa zimelika, hupelekwa kwenye karakana ya kuchonga, na kuwekwa pistoni kubwa kidogo. Kazi hiyo haifanyiki kila gereji. Huhitaji mashine, na mara nyingi hupelekwa mji mkubwa. Tutegemee kusubiri.

Lipo na jambo la petroli. Injini nyingi za zamani zilitengenezwa wakati petroli ikiwa na madini ya risasi. Risasi hiyo ilikinga makalio ya valvu yasilike. Katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara petroli hiyo iliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa sababu risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo silinda hedi ikifunguliwa tumwulize fundi kama makalio ya valvu yanahitaji kuwekwa ya chuma kigumu zaidi. Kuuliza wakati injini imefunguliwa ni bure. Kuifungua tena baadaye ni gharama.

Breki. Hapa tusibane fedha. Mipira yote ya breki, na mipira iliyo ndani ya silinda za breki, ibadilishwe hata kama inaonekana mizima. Mpira huoza kwa umri. Gari lisilowaka halimuui mtu, lakini gari lisilosimama humwua. Tena tujihadhari na vumbi. Lainingi za breki za zamani ziliweza kuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Vumbi lake lisipulizwe kwa pampu ya upepo, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na risasi. Watoto wasicheze karibu inapopigwa msasa.

Matairi. Tairi lenye meno marefu si lazima liwe zima. Ubavuni mwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Kama ni 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Msomaji, nenda leo ukatazame tairi lolote kijijini, ujipime.

Bodi na rangi. Alumini ni laini. Ikigongwa ovyo hutanuka, ikabaki na mawimbi. Haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya kutengenezea madirisha. Huhitaji fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni. Pia rangi ya kawaida haishiki sawasawa juu ya alumini. Lazima kwanza ipakwe rangi ya chini iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini, ama sivyo baada ya mvua chache itabanduka kama ganda la yai. Fundi anayejaza puti nene ili kusawazisha mabonde anatuuzia puti. Puti hupasuka barabara mbovu zikiitikisa.

MUDA

Kufufua gari lote kunaweza kuchukua saa 1,000 za kazi, au zaidi. Tufanye hesabu. Mtu mmoja akifanya kazi saa 8 kwa siku:

1,000 ÷ 8 = siku 125

Akifanya kazi siku 5 kwa wiki:

125 ÷ 5 = wiki 25

Hiyo ni karibu miezi sita, na bado hatujahesabu kusubiri spea, kukatika umeme, wala kazi za wateja wengine. Kwa hiyo anayetuambia wiki tatu kwa kazi ya kufufua gari lote, ama hajaelewa tunachotaka, ama hana nia ya kukifanya.

FUNDI NAYE ANA HAKI

Tusiandike kama kwamba makosa yote ni ya mafundi. Tumeona wenye magari wanaobadili mawazo kila wiki. Leo anataka rangi ya kijani, kesho nyeupe. Tumeona wanaoleta spea ya bei rahisi kutoka mtaani, ikivunjika wanamlaumu fundi. Tumeona wanaochelewa kulipa miezi mitatu huku gari limeziba nafasi gereji. Fundi ana watoto kama sisi. Makubaliano humlinda na yeye pia.

Jambo hilo tuliliona kwa macho. Katikati ya kazi, fundi mzee alimwambia bibi kwamba giaboksi nayo inahitaji fedha. Bibi akafungua daftari. "Fundi, siku ya ukaguzi uliniambia giaboksi haina neno. Nimeandika hapa." Gereji ikanyamaza. Fundi hakukasirika. Alikwenda akaleta beringi, akaiweka mezani. Ilikuwa imepasuka, na vyuma vyake vimelika upande mmoja. Akasema, "Mama, kwa nje sikuiona. Tazama mwenyewe." Bibi akaishika, akaizungusha, ikakwama. Akaandika kazi ya nyongeza na bei yake, wote wawili wakatia sahihi.

Siku nyingine daftari lilisema upande mwingine. Mtu wa dukani alidai hajalipwa breki. Bibi akamwonyesha tarehe, kiasi, na sahihi yake mwenyewe. Mtu yule akasema, "Aa, samahani mama, nilisahau." Pengine alisahau kweli.

SIKU YA KULIPOKEA

Tusipokee gari jioni, wala siku ya mvua, wala tukiwa na haraka. Tuje asubuhi na karatasi yetu. Tusome jambo moja moja, na kila moja tulitazame. Tujaribu taa zote, tupige breki mahali pa wazi, tutazame chini kama mafuta yanadondoka. Liendeshwe barabarani, fundi akiwamo ndani.

Injini iliyochongwa isikimbizwe wala kubebeshwa mzigo mzito katika kilomita za kwanza. Tumwulize fundi ni kilomita ngapi, oili ibadilishwe lini, na nati za silinda hedi zikazwe tena lini. Nayo tuyaandike.

Mwisho, karatasi za serikali. Kama injini imebadilishwa, au rangi imebadilishwa, kadi ya gari nayo irekebishwe Mamlaka ya Mapato. Kama gari lina namba za mtindo wa zamani, au kadi bado ina jina la marehemu, tuulize huko utaratibu kabla ya kuingia barabarani. Tena mambo ya mirathi yamalizwe kabla ya kutoa fedha ya gereji. Si vyema mtu mmoja agharamie gari, halafu ndugu saba waje kuligawana.

BIBI ALIFIKIA WAPI

Kazi ilichukua miezi saba. Chasisi ilikatwa na kuchomelewa sehemu nne. Injini ilichongwa. Breki zote ni mpya. Hela ya korosho ikaishia hapo, na bibi akasema basi. Rangi haijapigwa. Ukiliona barabarani utadhani ni gari bovu, mlango mmoja wa kijani na mwingine wa kijivu.

Msimu uliopita lilibeba korosho zake na za jirani zake wawili, nao wakachangia mafuta. Dalali alirudi. Safari hii hakutaja mbuzi, alitaja ng'ombe. Bibi alimwambia aandike bei yake kwenye karatasi, aweke tarehe na sahihi, atamjibu baada ya kuvuna. Karatasi hiyo ameibandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, katika kijiji chetu yako magari, matrekta au mashine za kusaga zilizolala? Ni za nani?
2. Fundi anakisia kazi kuwa Sh. 1,800,000. Tukitenga robo zaidi, tuwe na shilingi ngapi kabla ya kuanza?
3. Tairi limeandikwa 4015. Lilitengenezwa wiki ya ngapi, mwaka gani?
4. Kwa nini bodi ya Land Rover huonekana nzima wakati chasisi imeoza?
5. Kila mmoja aandike makubaliano ya kutengeneza baiskeli au cherehani, yenye mambo yasiyopungua matano. Kisha tubadilishane karatasi, tutafute kilichosahauliwa.